2020 Kulikuwa na Liverpool Mbili

Kila mwaka ikifika mwezi wa sita, kuna msee wa Man U lazima atakumbusha watu wa Liverpool kwamba lile kombe lao la 2020 ni "kombe la korona". Huu mzaha nimeuona ukirudi mara nyingi hadi sai nautambua kabla mtu amalize kuandika. Na majibu pia ni yale yale: alama 99, Man City mbali huko nyuma na alama 18, nyamaza.

Leo sitaki kubishania hilo kombe. Kuna kitu kingine kuhusu huo mwaka, na naona hata mashabiki sugu wa Liverpool wengi hawakijui. Kulikuwa na Liverpool mbili. Moja iliambiwa msimu wenu lazima uishe, hata kama uwanja utakuwa mtupu, hata kama kila mchezaji atapimwa mara mbili kwa wiki. Nyingine iliambiwa msimu umefutwa, na kwa vile mlikuwa mkiani, mnashuka daraja. Jezi nyekundu moja, mji mmoja, mwaka mmoja.

Kabla tufike hapo, acha nirudishe wale wenye walikuwa wadogo, au wale wenye wamejaribu kusahau.

Tarehe 19 Februari 2020 Atalanta walicheza na Valencia kwenye Ligi ya Mabingwa. Atalanta wanatoka Bergamo, mji mdogo kaskazini mwa Italia, lakini hiyo mechi ilipelekwa Milan kwa uwanja wa San Siro. Zaidi ya watu 40,000 waliingia. Kwa mashabiki wa Bergamo ilikuwa usiku mkubwa zaidi wa maisha yao: timu yao ndogo ikashinda 4-1, watu wakakumbatiana, wakaimba, wakarudi nyumbani kwa mabasi na treni zimejaa. Siku mbili baadaye Italia ikaanza kutangaza wagonjwa waliokuwa wameambukizana humo humo nchini. Mwezi mmoja baada ya hiyo mechi, malori ya jeshi yalikuwa yanabeba majeneza kutoka Bergamo kwa sababu mji ulikuwa hauna tena mahali pa kuchomea maiti. Madaktari wa huko wamesema hiyo mechi ilichangia. Sio peke yake, lakini ilichangia.

Halafu 11 Machi, Liverpool dhidi ya Atletico Madrid, Anfield. Kule Madrid shule zilikuwa tayari zimefungwa, na ligi ya Uhispania ilikuwa imeamua kucheza bila mashabiki. Lakini mashabiki kama 3,000 wa Atletico wakaruhusiwa kupanda ndege, kuingia Liverpool, kukaa baa na kujaza kona yao ya uwanja pamoja na watu zaidi ya 50,000. Siku hiyo hiyo Shirika la Afya Duniani ndio lilitangaza kwamba hili ni janga la dunia nzima. Mpira ukachezwa hadi dakika 120, Atletico wakashinda 3-2.

Kesho yake usiku Arsenal wakasema kocha wao, Mikel Arteta, amepatikana na korona. Tarehe 13, ligi ya Uingereza ikasimamishwa. Na siku hiyo hiyo, Ijumaa, waziri wetu wa afya Mutahi Kagwe alisimama mbele ya kamera na kusema mgonjwa wa kwanza amepatikana Kenya.

Nimeanza na hayo kwa sababu tukizungumza kuhusu "kumaliza au kufuta" watu huwa wanaongea kana kwamba ni hesabu ya alama tu. Haikuwa hesabu. Watu walikuwa wamekufa kwa sababu mpira haukusimama mapema. Kwa hivyo mtu yeyote aliyesema "turudi tucheze" alikuwa na deni la kueleza ni kwa nini.

Na msidhani ilikuwa mara ya kwanza. 1939, Hitler alipoivamia Poland, ligi ya Uingereza ilikuwa imecheza mechi tatu tu. Ikafutwa yote. Blackpool walikuwa wanaongoza, na hadi leo Blackpool hawajawahi kuwa mabingwa. Hiyo ya 1939 ilikuwa rahisi, mechi tatu si kitu.

Ya 1915 ndio chafu. Vita ya Kwanza ilikuwa imeanza 1914 na wakubwa wa mpira wakaamua msimu utamalizwa tu, vijana wakifa Ufaransa huku wengine wakipiga chenga nyumbani. Kila mtu alijua msimu ukiisha hakuna mwingine unaanza. Mchezaji alijua mshahara unaisha, labda na maisha. Basi siku ya Ijumaa Kuu, 2 Aprili 1915, Man U wakacheza na Liverpool. United walikuwa wanapigania kutoshuka. Mechi ikaisha 2-0, United wakashinda, na ikaja kujulikana kwamba wachezaji wa timu zote mbili walikuwa wamekubaliana hayo matokeo na kuyabetia. Ndiyo. Man U na Liverpool, kitanda kimoja. Wachezaji saba walifungiwa. United wakabaki kwa tofauti ya alama moja juu ya Chelsea, wenye walimaliza mahali pa kushuka. Baada ya vita wakubwa wakaongeza timu kutoka 20 hadi 22 na Chelsea wakaokolewa. Hiyo njia ya kuongeza timu muishike kwa kichwa, nitairudia.

Kwa hivyo ukisikia mtu anasema "msimu ukichezwa hadi mwisho ndio haki", muulize kuhusu 1915.

Turudi 2020. Mwezi wa tatu na wa nne kila nchi ilikuwa inajiuliza swali moja na kila moja ikajibu vyake. Uingereza zilikuwa zimebaki mechi 92. Liverpool walikuwa mbele kwa alama 25, yaani mbele hadi haichekeshi, na walikuwa wamengoja huo ubingwa miaka 30. Karren Brady, naibu mwenyekiti wa West Ham, akaandika gazetini kwamba njia ya haki ni kufuta msimu wote. West Ham wakati huo walikuwa nambari 16, wamelingana alama na Bournemouth, wenye walikuwa tayari kwa shimo. Sisemi kitu. Nasema tu mahali walipokuwa.

Hicho ndicho kitu cha kwanza nilijifunza nikisoma haya mambo: mwaka huo karibu kila mtu alikuwa na maoni kuhusu haki, na karibu kila maoni yalifanana na nafasi ya mwenye kuyatoa kwenye jedwali.

Waholanzi walikuwa wa kwanza kati ya wakubwa kukata kamba kabisa. Serikali yao ilipiga marufuku mpira hadi mwezi wa tisa, na 24 Aprili shirikisho lao likasema: hakuna bingwa, hakuna kushuka, hakuna kupanda. Ajax na AZ walikuwa wamelingana alama 56 juu kabisa. Ni kama mtu azime TV dakika ya 70 mkiwa 1-1.

Lakini machozi hayakuwa kwa Ajax. Yalikuwa kwa Cambuur, klabu ya Leeuwarden, ligi ya daraja la pili. Walikuwa wanaongoza, wako mbele kwa alama 11 juu ya timu ya tatu, na zile mbili za juu ndizo zinapanda. Vilabu 34 viliulizwa maoni: 16 vikasema wapandishwe, 9 vikakataa, 9 vikasema hatuna upande. Kumi na sita dhidi ya tisa, na bado shirikisho likasema hapana. Fikiria umefanya kazi ya mwaka mzima, wenzako wengi waliojibu wanasema unastahili, halafu ofisi inasema rudi ulikotoka. Wakaenda kortini pamoja na De Graafschap wenye walikuwa wa pili, wakapoteza. Msimu uliofuata Cambuur wakashinda ligi yao tena na wakapanda. Kuna watu wanaitumia hiyo kama hadithi tamu. Mimi naona ni watu walilipishwa nauli mara mbili kwa safari moja.

Ufaransa walienda njia ya tatu. Mwisho wa Aprili waziri mkuu Edouard Philippe akasimama bungeni na kusema msimu hauwezi kuendelea. Tarehe 30 ligi ikawapa PSG ubingwa kwa wastani wa alama kwa mechi. Lyon walikuwa wa saba, wakakosa Ulaya. Mwezi wa nane UEFA wakamaliza Ligi ya Mabingwa kule Ureno, na hao Lyon wa nambari saba wakawatoa Juventus, wakawatoa Man City 3-1, wakafika nusu fainali. Timu iliyokuwa kati ya nne bora Ulaya nzima, nyumbani ilikuwa imehesabiwa kwa kikokotoo na kuambiwa haitoshi. Toulouse na Amiens nao waliambiwa mnashuka. Mahakama kuu ya mambo ya serikali ikasema kufunga msimu ni sawa, lakini hilo la kushusha timu mlifikirie upya. Vilabu vikapiga kura, vikakataa kuongeza ligi iwe ya timu 22. Wakashuka.

Wajerumani wao walirudi uwanjani 16 Mei, wakubwa wa kwanza kurudi. Dortmund na Schalke, uwanja wenye hukaa watu 80,000 ukiwa kimya hadi unasikia kocha akikohoa. Dortmund 4-0, Haaland akafungua. Sisi huku tulikuwa tumekaa miezi miwili bila mpira, kama humhesabu Belarus. Mnakumbuka Belarus? Nchi moja Ulaya ilikataa kusimamisha ligi na ghafla wasee wa mtaa wetu walikuwa wanajua fomu ya Slutsk kuliko fomu ya Gor. Kuna jirani alipoteza pesa ya token ya stima kwa timu hata hakuweza kutamka jina lake.

Kwa nini Ujerumani na Uingereza walirudi? Watasema upendo wa mchezo, watasema mashabiki. Ni TV. Uingereza ilikisiwa kwamba msimu usipoisha vilabu vingedaiwa zaidi ya pauni milioni 700 na kampuni za matangazo. Hiyo ndiyo pesa iliyolipia vipimo, mabasi ya ziada na watu wa kufuta bendera za kona na dawa. Simaanishi ni vibaya. Nasema tuite kitu kwa jina lake. Hata Ufaransa, serikali ilipofunga, ligi ililazimika kukopa zaidi ya euro milioni 200 kwa dhamana ya serikali ili kuziba shimo la TV.

Uingereza wakarudi 17 Juni, na mechi ya kwanza kabisa ikawa sinema. Aston Villa na Sheffield United. Mpira wa adhabu unapigwa, kipa wa Villa, Nyland, anaudaka na kurudi nao hadi ndani ya goli. Ndani kabisa. Saa ya refa, yenye hulia mpira ukivuka mstari, ikanyamaza. Kamera zote za mtambo zilikuwa zimezibwa na miili. Goli halikuhesabiwa, 0-0, Villa wakapata alama moja. Msimu ulipoisha 26 Julai, Villa walibaki kwa alama moja: wao 35, Bournemouth na Watford 34. Kama msimu ungekatwa mwezi wa tatu kwa wastani, Villa wangeshuka na Watford wangebaki. Ulichezwa, Villa wakabaki na Watford wakaenda. Hata kumaliza kulikuwa na bahati yake.

Hata hivyo nikipewa nafasi ya kuchagua, nitachukua hiyo bahati ya Villa kuliko kikokotoo. Watford walipewa mechi tisa za kujiokoa. Walishindwa uwanjani. Inauma, lakini unajua kilichokuua.

Liverpool wakawa mabingwa 25 Juni, wakiwa hata hawachezi. Chelsea waliwafunga City 2-1 na ikaisha. Nakumbuka hiyo usiku vizuri kwa sababu kafyu ilikuwa tayari imeanza, huwezi kutoka, na bado ukasikia mtu anapiga nduru kutoka ghorofa ya tatu, mwingine akajibu kutoka upande wa pili wa barabara, mabati yakaanza kupigwa. Baba yangu, mtu wa Liverpool tangu kabla nizaliwe, alikaa tu kwa kiti. Hakusema kitu kama dakika tano. Halafu akauliza kama kuna chai.

Sasa ile Liverpool nyingine.

Ligi kuu ya wanawake Uingereza ilikuwa na timu 12, kila moja mechi 22. Iliposimama mwezi wa tatu, Man City walikuwa juu na alama 40 kwa mechi 16, Chelsea alama 39 kwa mechi 15. Chini kabisa walikuwa Liverpool, alama 6 kwa mechi 14, na juu yao Birmingham, alama 7 kwa mechi 13. Tofauti ya alama moja. Liverpool walikuwa wamebakisha mechi nane, yaani alama 24 bado ziko mezani.

Tarehe 25 Mei ikatangazwa kwamba ligi hiyo haitarudi. Tarehe 5 Juni wakatoa hukumu kwa wastani wa alama: Chelsea mabingwa, ingawa City walikuwa juu yao kwenye jedwali. Liverpool wanashuka. Nani anapanda kuchukua nafasi yao? Aston Villa ya wanawake. Yaani mwaka huo huo Villa wanaume waliokolewa kwa sababu msimu ulimalizwa, na Villa wanawake wakapanda kwa sababu msimu ulikatwa. Ukiwa shabiki wa Villa, 2020 ilikupenda sana.

Siku 16 baada ya hiyo hukumu, Liverpool ya wanaume ilikuwa uwanjani tena, dhidi ya Everton. Siku 20 baadaye ilikuwa bingwa.

Ugonjwa ulikuwa ule ule. Uingereza ilikuwa ile ile. Kama ni hatari ya kuambukizana, mapafu ya mwanamke na ya mwanaume yanatumia hewa moja. Tofauti ilikuwa nani atalipia vipimo. Ligi ya wanawake haikuwa na pesa ya TV ya kurudisha, kwa hivyo hakuna mtu alikuwa anapoteza mamilioni ikifutwa. Klabu hiyo hiyo ilikuwa na daktari, na uwanja wa mazoezi, na mtambo wa kufua jezi. Haikuwa na sababu ya kifedha ya kuutumia kwa wale wasichana.

Na msisahau, hao wanawake wa Liverpool walishinda ligi 2013 na 2014. Wakati baba yangu anaimba "mwaka ujao ni wetu" kila mwezi wa tano, kulikuwa na Liverpool yenye ilikuwa imeshaleta ligi nyumbani mara mbili. Hakuijua. Mimi pia sikuijua hadi mwaka jana.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu najua mmoja wenu ashaanza kuandika "na Gor je?"

Tarehe 30 Aprili 2020, siku ile ile PSG walipewa la kwao, Nick Mwendwa wa FKF alitangaza ligi yetu imeisha na Gor Mahia ndio mabingwa. K'Ogalo walikuwa na alama 54, saba mbele ya Kakamega Homeboyz. Ikawa ya 19 kwao, na ya nne mfululizo. Chemelil wakashushwa, Nairobi City Stars na Bidco United wakapandishwa. Kampuni ya KPL yenye ilikuwa inasimamia ligi ikapinga, ikasema hiyo si kazi ya FKF. Na hapo lazima mjue muktadha: mkataba wa KPL kusimamia ligi ulikuwa unaisha mwezi wa tisa mwaka huo huo. Kwa hivyo hawa wawili hawakuwa wanapigania tu nani ni bingwa. Walikuwa wanapigania nani ana ufunguo wa nyumba.

Je, ligi yetu ingeweza kumalizwa? Kusema ukweli, hapana. Nairobi ilikuwa imefungwa tangu 6 Aprili, hutoki wala huingii. Homeboyz wangetoka vipi Kakamega kuja kucheza? Na SportPesa walikuwa wameondoa udhamini wao Agosti 2019, kwa hivyo ligi ilikuwa inajiendesha bila mdhamini hata kabla ya mtu kukohoa. Sony Sugar walikuwa wameshatolewa kwenye ligi kwa kushindwa kufika kwa mechi tatu. Timu haina nauli ya basi, wewe utaiambia ipime wachezaji mara mbili kwa wiki?

Kusimamisha, sawa. Shida yangu ni Chemelil. Zaidi ya robo ya msimu ilikuwa bado haijachezwa. Waganda walikuwa na kanuni iliyoandikwa mapema: zikifika asilimia 75 za mechi, anayeongoza ni bingwa. Vipers walikuwa wamecheza 25 kati ya 30, wakapewa, kila mtu alijua sheria ilikuwa nini kabla. Kwetu tuligombana kuhusu sheria wakati mchezo ulikuwa umeshasimama. Chemelil walikuwa vibaya, kiwanda cha sukari chenye kiliwalea chenyewe kilikuwa hoi, na labda wangeshuka tu. "Labda wangeshuka tu" ndiyo sentensi yenye iliwaua wote mwaka ule, kuanzia Amiens hadi wasichana wa Liverpool.

Watanzania walirudi 13 Juni na mashabiki wakaingia uwanjani. Simba wakachukua ubingwa mwisho wa mwezi huo kwa sare ya 0-0 na Prisons kule Mbeya. Huko serikali ilikuwa imeacha kutangaza idadi ya wagonjwa tangu mwisho wa Aprili. Kwa hivyo ukiniuliza kama walifanya vizuri kumaliza, nitakuuliza tutapimaje.

Msimamo wangu ni huu, mnaweza kunirushia mawe kule chini. Kama unaweza kumaliza kwa usalama, maliza, na umalizie wote, wanaume na wanawake, usichague wenye TV. Kama huwezi, wape walio juu medali zao na uwapandishe walio mbele sana kama Cambuur. Lakini usimshushe mtu kwa mechi hakucheza. Ongeza timu kama walivyofanya baada ya vita 1919. Ligi ya timu 20 ikiwa na 22 kwa mwaka mmoja inachosha, ratiba inajaa, lakini hakuna mtu anakufa kwa ratiba. Najua mtu atasema hiyo ni kuwapunguzia wengine pesa, kwa sababu keki ile ile inagawanywa kwa vijiko vingi. Ndiyo. Hiyo ndiyo gharama. Ilikuwa janga, kila mtu alikuwa analipa kitu.

Hii kitu inaniuma kuliko mpira wenyewe kwa sababu sisi pia tulikuwa kwenye jedwali. Shule zilifungwa kati ya mwezi wa tatu. Tarehe 7 Julai, waziri Magoha, Mungu amrehemu, akatangaza mwaka wa masomo wa 2020 umepotea, wote mtarudia, na KCSE ya mwaka huo hakuna. Tulifutwa kama Waholanzi. Baadaye mambo yakabadilika, wa kidato cha nne wakarudi mwezi wa kumi, sisi wengine Januari 2021, na hatukurudia mwaka, tulianza pale pale muhula wa pili ulipokuwa. Tukacheza mechi zilizobaki, mihula mifupi, likizo za siku chache, barakoa usoni.

Lakini sio wote walirudi. Kwa darasa letu kulikuwa na viti vilibaki wazi, wasichana zaidi ya wavulana. Mmoja alikuwa amejifungua. Mwingine alikuwa ameanza kuuza mboga na mamake na hiyo pesa ilikuwa imezoeleka nyumbani. Hakuna mtu alikaa chini kuwahesabia wastani wao, na hakuna mtu aliongeza ligi iwe ya timu 22 ndio watoshe. (Mimi chuo niliacha mwenyewe baadaye, hiyo sitasingizia korona.)

Liverpool ya wanawake walikaa daraja la pili misimu miwili. Wakapanda 2022. Mechi yao ya kwanza waliporudi ligi kuu ilikuwa 18 Septemba 2022, na ratiba ikawapa Chelsea, wale wale wenye walipewa kombe kwa kikokotoo siku ile ile wao walishushwa. Ilichezewa Prenton Park, uwanja wa Tranmere Rovers, klabu nyingine iliyoshushwa 2020 kwa wastani wa alama ikiwa na mechi mkononi. Chelsea wakapata penalti mapema na wakafunga. Liverpool wakapata mbili kipindi cha pili, zote Katie Stengel akapiga, zote zikaingia. 2-1.